Wadachi wa Pande Mbili

Nilipokwenda Tanga kumuaga mjomba wangu kabla ya safari ya masomo ya Berlin, aliniuliza ninakwenda kusomea nini. Nikamjibu kwamba ninakwenda kusoma fasihi ya Kijerumani na ya Kiholanzi. Alinyamaza kidogo, akasogeza kikombe chake cha kahawa, kisha akasema: "Wadachi na Waholanzi? Si hao hao, mwanangu?" Nami, kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kupata barua ya kukubaliwa chuoni, nikamsahihisha. Nikamweleza kwamba hizo ni nchi mbili, lugha mbili na fasihi mbili, na kwamba hata hilo neno Mdachi limepitwa na wakati, siku hizi tunasema Mjerumani. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu ileile aliyoizoea miaka yote ya kazi yake ya ukarani katika mahakama ya mwanzo, pale shahidi anapotoa maelezo yasiyoridhisha ambayo hata hivyo ni lazima yaandikwe.

Ilinichukua mihula miwili kutambua kwamba mjomba alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.

Neno Mdachi limetokana na Deutsch, jina ambalo Wajerumani hujiita wenyewe. Wazee wa pwani walilisikia kutoka vinywani mwao, na Hemedi bin Abdallah el Buhriy akalitia katika anwani ya Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaosimulia vita vya pwani vya mwishoni mwa miaka ya 1880. Lakini neno lenyewe lina umri mkubwa kuliko Ujerumani na kuliko Uholanzi. Katika maandishi ya Kilatini linaonekana tangu mwaka 786, na wakati huo halikuwa jina la taifa lolote. Lilimaanisha lugha ya watu wa kawaida, isiyokuwa Kilatini cha makasisi. Lilikuwa, kwa ufupi, namna ya kusema "kikwetu". Upande mmoja neno hilo likaishia kuwa Deutsch. Kwenye nyanda za chini, katika nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji ya kaskazini, likawa Dietsch na Duutsch, na Waingereza waliokuwa wakifanya biashara na watu wa huko wakalichukua likawa Dutch, ambalo hadi leo kwao ni Mholanzi. Hata katika Wilhelmus, wimbo wa karne ya 16 ambao sasa ni wimbo wa taifa wa Uholanzi, Willem wa Orange anajitambulisha katika ubeti wa kwanza kuwa ni wa damu ya "Duitsen", jambo linalomshangaza kila mgeni anayeusoma kwa mara ya kwanza akidhani kwamba amekosea wimbo.

Kwa hiyo Mdachi, Deutsch, Duits na Dutch ni neno moja lililopita katika vinywa vinne. Mjomba hakulijua hilo, lakini sikio lake lilikuwa limehifadhi kitu ambacho kitabu changu cha shule kilikuwa kimekifuta.

Idara niliyosoma iliziweka fasihi hizo mbili chini ya paa moja. Wenzangu wengi waliuona mpangilio huo kuwa wa kiofisi tu, wa kupunguza gharama za wahadhiri na za maktaba, na walichagua upande mmoja wakausahau wa pili. Mimi niliingia katika semina ya maandishi ya Zama za Kati kwa sababu saa zake ziliniwafiki, wala sitajisingizia sababu bora zaidi. Tulikuwa watu sita kuzunguka meza moja. Kwa saa moja na nusu tulisoma mishororo tisa. Kila neno lilisimamishwa na kuhojiwa: umbo lake, jamaa zake, mahali pengine lilipotokea, na kwa nini mwandishi hakutumia jirani yake. Nilirudi chumbani nikiwa na hakika kwamba nimepotea njia.

Kilichoniokoa ni Kimvita. Mtu aliyekulia pwani anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba mara nyingi palipo na ch katika Kiunguja, Kimvita kina t: mchele ni mtele, macho ni mato, chupa ni tupa. Hasemi kwamba Mmvita amekosea. Anajua kwamba ukiwa na ufunguo huo unafungua maneno mengi kwa mara moja. Sasa tazama: Mholanzi husema maken, Mjerumani husema machen, yaani kufanya. Maji ni water upande mmoja na Wasser upande wa pili. Tufaha ni appel na Apfel, wakati ni tijd na Zeit, kijiji ni dorp na Dorf. Mabadiliko hayo ya sauti yalianza katika nchi za kusini, kuelekea milima ya Alpi, yakapanda kaskazini yakipungua nguvu kadiri yalivyokwenda, na hayakuzifikia nyanda za chini. Wataalamu huchora mstari kwenye ramani kuonyesha yalipokomea kwa neno la "kufanya". Mstari huo unavuka mto Rhein karibu na Benrath, kusini mwa Düsseldorf, kisha unaelekea mashariki kwa kuikata Ujerumani yenyewe katikati. Haufuati mpaka wowote wa dola. Lahaja za zamani za Ujerumani ya kaskazini ziko upande mmoja na Kiholanzi, na kwa karne nyingi mkulima wa upande huu wa mpaka wa leo alielewana na wa upande ule vizuri kuliko alivyoelewana na mtu wa Bavaria.

Udugu huo una mitego yake. Katika Kijerumani Meer ni bahari na See, ikitumika kwa jinsia ya kiume, ni ziwa. Katika Kiholanzi meer ni ziwa na zee ni bahari, kana kwamba ndugu wawili walirithi nyumba mbili wakabadilishana funguo. Kiholanzi bellen ni kupiga simu, Kijerumani bellen ni kubweka, na mwanafunzi mwenzangu wa Kijerumani alicheka hadi machozi siku nilipojaribu Kiholanzi changu kipya kwake, naye akasikia kwamba kesho nitambwekea. Lakini jozi iliyonishika na kutoniachia ni slim na schlimm. Ni neno moja kwa asili, na maana yake ya kale ni kilichopinda, kisichonyooka. Kwa Mholanzi limekuwa "mwenye akili". Kwa Mjerumani limekuwa "baya". Kiswahili hakikulazimika kuchagua, kwa maana tuna mjanja, na mtu akimwita mwenzake mjanja inabidi umtazame usoni kwanza ndipo ujue kama amemsifu au amemlaumu.

Mishororo ile tisa ya semina ya kwanza ilihusu mjanja wa namna hiyo. Ilikuwa mwanzo wa Van den vos Reynaerde, utenzi wa karne ya 13 uliotungwa Flanders, katika Ubelgiji ya leo, kuhusu mbweha aitwaye Reynaert. Una zaidi ya mishororo 3,400, yenye vina vinavyokwenda viwili viwili. Anayekuja kutoka katika ushairi wetu ataanza kuhesabu mizani na ataudhika, maana mshororo mmoja una mizani saba na unaofuata una kumi na moja. Ushairi huo hauhesabu silabi bali mapigo, kwa kawaida manne katika kila mshororo, na silabi nyepesi hujipenyeza kati yake kadiri zitakavyo. Niliposhindwa kuuelewa kwa macho, nilianza kuupiga mezani kwa vidole, na hapo ndipo ulipoanza kutembea.

Unaanza kwa jina la mtunzi: "Willem, die Madocke maecte, daer hi dicken omme waecte", yaani Willem, aliyetunga Madocke, ambayo ilimkeshesha mara nyingi. Ni nani huyo Willem, hakuna ajuaye zaidi ya hapo. Madocke yenyewe imepotea kabisa. Mtu alikesha usiku mwingi akitunga kitabu, akakitaja kwa fahari mwanzoni mwa kitabu kingine, na kilichobaki ni hicho kilichobeba jina tu. Na hata jina hilo lilikaribia kupotea. Mswada wa mkono uliojulikana kwa muda mrefu zaidi unasema Willem "aliyetunga vitabu vingi", maneno ambayo yangeweza kusemwa juu ya mtunzi yeyote. Ilikuwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ulipopatikana mswada wa pili ulio kamili, ndipo Madocke ikasomeka mahali pake. Mishororo michache baadaye Willem anaeleza kwamba kilichomsumbua ni kuona visa vya Reynaert havijatungwa kwa Dietsch, akavitafuta katika vitabu vya Kifaransa na kuvileta kikwetu. Dietsch: lile neno letu la Mdachi, katika mshororo wa tano wa kazi bora kabisa ya vichekesho ya Kiholanzi cha Zama za Kati.

Jambo ambalo sikulitarajia lilihusu makazi ya miswada hiyo. Ule wa kwanza unaitwa mswada wa Comburg, kwa jina la monasteri iliyokuwa ikiuhifadhi, na leo uko Stuttgart. Ule wa pili unaitwa mswada wa Dyck, kwa jina la kasri moja karibu na mto Rhein, na leo uko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Münster. Yote miwili iko Ujerumani. Mholanzi au Mbelgiji anayetaka kuuona utenzi wake kamili katika ngozi yake ya asili hana budi kuvuka mpaka. Na aliyekiandikia kitabu kikubwa ukoo mzima wa visa hivyo vya mbweha, mwaka 1834, alikuwa Jacob Grimm, yule yule wa hadithi za watoto, ambaye baadaye alianzisha na mdogo wake Wilhelm kamusi kuu ya Kijerumani. Alifariki mwaka 1863 akiwa amefika kwenye neno Frucht, tunda. Kamusi ilikamilika mwaka 1961, na wale wanaoilalamikia Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwamba inachelewa kurekebishwa nawaomba wawe na subira kidogo.

Kisa chenyewe ni kesi. Siku ya Pentekoste simba Nobel, mfalme wa wanyama, anafungua baraza, na wote wanahudhuria isipokuwa Reynaert, ambaye ana sababu zake. Mbwa mwitu Isengrim anamshtaki kwa kumvunjia heshima mkewe na kuwaumiza watoto wake. Inaelezwa jinsi alivyojifanya kumfundisha sungura Cuwaert kuimba Nasadiki, yaani kanuni ya imani ya Kikristo, ili awe kasisi, huku amembana katikati ya miguu yake akijiandaa kumrarua. Kisha jogoo Cantecleer anaingia na jeneza la bintiye. Mfalme anatuma wito. Anakwenda dubu, naye anaahidiwa asali iliyomo ndani ya gogo la seremala. Anaingiza kichwa, gogo linambana, na anajinasua akiwa ameacha ngozi ya uso na ya nyayo. Anakwenda paka, naye anaahidiwa panya katika nyumba ya kasisi na kuangukia kwenye kitanzi. Safari ya tatu anakwenda Grimbeert, mnyama wa jamii ya nyegere, mpwa wa mshtakiwa, na Reynaert anakubali kuja.

Anahukumiwa kunyongwa. Akiwa chini ya mti wa kunyongea anaomba aungame hadharani, na katikati ya maungamo, kama mtu aliyeteleza ulimi, anataja hazina. Anasema dubu na mbwa mwitu walipanga kumpindua mfalme kwa dhahabu ya kale, na kwamba yeye ndiye aliyeiiba dhahabu hiyo na kuifukia ili njama ishindwe. Mfalme na malkia wanamshusha haraka. Hazina, anawaambia, imefukiwa Hulsterlo, mahali pa ukiwa. Ni jina la kweli, katika nchi iliyo karibu na mji wa Hulst, ambayo leo imegawanywa na mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi. Yeye mwenyewe, kwa bahati mbaya, hawezi kuwapeleka, kwa kuwa ametengwa na Kanisa na inambidi kwenda kuhiji Roma. Anapewa mkoba wa hija uliokatwa katika ngozi ya mgongo wa dubu, na viatu vilivyochunwa miguuni mwa mbwa mwitu na mkewe. Sungura Cuwaert na kondoo dume Belin wanamsindikiza. Sungura anaingia naye ndani ya pango, na humo anauawa na kuliwa. Kichwa chake kinatiwa katika mkoba, nao anapewa Belin aupeleke kwa mfalme kama barua, huku akishauriwa aseme kwamba yeye alisaidia kuitunga. Belin, aliyependa sifa, anasema hivyo hivyo. Karani wa mfalme anafungua mkoba.

Nilipofika hapo, nikiwa peke yangu maktabani usiku, nilikifunga kitabu. Kwetu sungura hafi. Sungura humdanganya simba, humpanda fisi mgongoni, hutoroka kisimani. Ndiye mjanja mwenyewe, na mtoto yeyote wa Kiswahili hukua akijua kwamba mdogo mwenye akili hushinda. Hapa sungura alikuwa mwoga aliyetaka kuwa kasisi, na ujanja wote alikuwa amepewa mnyama mwenye meno. Nilipotoa dukuduku langu kwenye semina, mwalimu alisema jambo ambalo nimelitafakari tangu siku hiyo: kwamba katika utenzi huu hakuna mdogo, wote ni watu wa baraza, na kila anayeangamia anaangamizwa na tamaa yake, dubu kwa asali, paka kwa panya, kondoo kwa sifa, mfalme kwa dhahabu. Nilikubaliana naye kwa wote isipokuwa sungura. Cuwaert hakutamani kitu chochote kibaya. Alikubali tu kuingia ndani kumfariji mke wa Reynaert. Bado nadhani mwalimu hakulijibu swali langu, na kwamba Willem alikusudia tulione hilo doa.

Mwisho wake hauna faraja. Chui mmoja anapatanisha pande zote: dubu na mbwa mwitu walipwe fidia, na fidia yenyewe ni Belin na ukoo wake wote, ambao wataruhusiwa kuwala daima. Reynaert ametoroka nyikani. Baraza linaridhika.

Ila visa havikukomea Flanders. Vilitungwa upya na kurefushwa, vikapigwa chapa kwa nathari mjini Gouda, Uholanzi, mwaka 1479, na kwa njia ya Kiholanzi vikafika Lübeck, mji wa wafanyabiashara kwenye Bahari ya Baltiki, ambako mwaka 1498 vilichapishwa kwa Kijerumani cha nyanda za chini kwa jina la Reynke de Vos. Kutoka hapo mwandishi Mjerumani Gottsched alivitia katika nathari ya Kijerumani cha kawaida mwaka 1752, na mshairi Goethe akavichukua kwake na kuvifanya utenzi wa vitabu kumi na viwili, Reineke Fuchs, uliotoka mwaka 1794, akiutungia mizani ya Wagiriki wa kale. Katika sehemu iliyorefushwa mbweha anashtakiwa tena, anapigana na mbwa mwitu, anashinda kwa hila, na mfalme anamfanya waziri wake mkuu. Wanafunzi wa Kijerumani wanaosoma Goethe peke yake hudhani kwamba hivyo ndivyo kisa kilivyokuwa tangu mwanzo. Wanafunzi wa Kiholanzi wanaosoma Willem peke yake hawamjui mbweha aliyepata cheo. Ukivisoma vyote viwili unaona kwamba kati ya nyika ya Flanders na kiti cha uwaziri kuna karne mbili za watu waliobadilisha mawazo kuhusu mahali anapoishia mjanja.

Mfano huo si wa peke yake. Heinric van Veldeke, mshairi wa karne ya 12 aliyetoka Limburg, katika Ubelgiji ya leo, husomwa na wote wawili kuwa ni wao. Epilogo ya utenzi wake wa Eneas inasimulia kwamba kitabu kiliibwa harusini huko Kleve kabla hajakimaliza, kikapelekwa Thuringia, naye akakipata tena baada ya miaka tisa na kukikamilisha huko huko ugenini. Mshairi Mjerumani Gottfried von Straßburg alimsifu kwamba ndiye aliyepandikiza tawi la kwanza katika lugha ya Kijerumani. Ubishi wa kama alikuwa Mholanzi au Mjerumani umejaza rafu nyingi, na kwa maoni yangu ungemshangaza yeye mwenyewe.

Nilidhani kwamba baada ya Zama za Kati fasihi hizi mbili ziliachana moja kwa moja, kila moja na serikali yake na shule zake. Kwa kiasi kikubwa ndivyo. Lakini kuna miaka saba ambayo sharti itajwe. Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vilichomwa moto Berlin, katika uwanja ambao leo unaitwa Bebelplatz, mbele ya chuo kikuu. Ukienda leo utakuta kioo kidogo kilicholazwa kati ya mawe ya uwanja, na chini yake chumba cheupe chenye rafu tupu. Wapita njia wengi hawakioni mpaka wanapokikanyaga. Waandishi wa vitabu vile walikimbia, na wengi hawakuwa tena na mchapishaji katika nchi ya lugha yao. Mwaka huohuo Emanuel Querido, mchapishaji Myahudi wa Amsterdam, alifungua tawi la vitabu vya Kijerumani na kumkabidhi Fritz Landshoff, aliyekuwa amefanya kazi hiyo Berlin. Mpaka mwaka 1940 lilikuwa limetoa zaidi ya vitabu mia moja. Lion Feuchtwanger, Alfred Döblin, Irmgard Keun na Klaus Mann, ambaye riwaya yake Mephisto ilitoka hapo mwaka 1936, wote walichapishwa kwa Kijerumani katika mji wa Kiholanzi. Kuna nakala moja ya Mephisto ya toleo hilo niliyowahi kuishika. Ukurasa wa mbele hautaji Berlin, Leipzig wala Frankfurt, unataja Amsterdam.

Majeshi ya Ujerumani yaliingia Uholanzi Mei 1940. Landshoff alikuwa London siku hizo, akanusurika. Querido na mkewe walijificha, wakakamatwa, wakauawa katika kambi ya Sobibor mwaka 1943. Na katika mji huohuo, kuanzia mwaka 1942, msichana aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1929 alikuwa akiandika shajara yake mafichoni kwa Kiholanzi, lugha aliyojifunza shuleni akiwa mkimbizi. Wajerumani waliisoma kwa tafsiri. Ukiniuliza kitabu cha Anne Frank kiwekwe rafu gani, nitakwambia kwamba hapo ndipo mantiki ya rafu mbili inaponishinda.

Tangu nilipoanza kuwaza hivyo, kwamba fasihi moja inaweza kutunzwa nyumbani mwa nyingine, nimekuwa nikitazama fasihi yetu kwa jicho hilo pia. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo, ni miongoni mwa tenzi kongwe kabisa za Kiswahili tulizo nazo. Mswada wake wenye tarehe inayolingana na 1728 umehifadhiwa Hamburg. Mtaalamu Mjerumani Carl Meinhof aliuchapisha kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Baadaye Mholanzi Jan Knappert aliufanyia tasnifu ya udaktari huko Leiden, akaitoa mwaka 1958 kwa jina la Het epos van Heraklios. Kwa hiyo maneno ya Kiamu ya kale yalihifadhiwa na Mjerumani na kufafanuliwa kwa Kiholanzi. Niliisoma tasnifu hiyo katika chumba cha kusomea Berlin, nikitumia lugha niliyojifunza kwa ajili ya mbweha kuufikia utendi wa nyumbani, na ninakiri kwamba nilikuwa na hasira na shukrani kwa pamoja, na sikujua niipe ipi nafasi ya mbele.

Sasa ninamtafsiri Willem kwa Kiswahili, polepole, mishororo ishirini kwa juma ikiwa juma ni zuri. Kwa neno fel, sifa ambayo mtunzi humpa Reynaert kila mara na ambayo inachanganya ukali, uovu na werevu, nimetumia mjanja, nikalifuta, nikaandika mwovu, nikalifuta. Kurasa zilizokwisha humtumia mjomba kwa maandishi makubwa, kwa kuwa macho yake yamechoka. Huzirudisha na masahihisho ya wino mwekundu. Maelezo ya dubu na asali huyaacha yalivyo. Anachorekebisha ni sheria. Nilipoandika kwamba baraza lilimhukumu Reynaert na baada ya hapo likampa adhabu, alikata na kuandika pembeni kwamba mshtakiwa hutiwa hatiani kwanza, ndipo huhukumiwa, na kwamba hayo ni mambo mawili. Wito wa mara tatu uliompeleka dubu, paka na nyegere aliutaka uitwe samansi, nami nimeuita samansi. Kuhusu mfalme aliandika mstari mmoja: hakudanganywa, alinunuliwa kwa mali isiyokuwepo.

Juma lililopita alipiga simu. Alikuwa amefika penye mkoba, na hakuwa na swali juu ya sungura, ingawa nilikuwa nimemngojea kwa hamu. Alitaka kujua kama Belin alisema mbele ya baraza zima kwamba barua ile ameitunga yeye, au alimnong'oneza mfalme. Nikamwambia kwamba alisema mbele ya baraza, kwa sauti, bila kuulizwa. Mjomba akavuta pumzi. "Basi amekiri mwenyewe," akasema, "na karani hana la kufanya ila kuandika."